Safu ya Sababu

Daftari la ajali lina safu tano:
tarehe, jina, saa, kiungo, sababu.
Ya mwisho ndiyo nyembamba.
Aliyechora mistari alijua haitahitaji maneno mengi.

Miaka sita ni karani wa chumvi hapa Gongoni,
kaskazini ya Malindi,
na mwandiko wangu mzuri, wa kulala kidogo,
umeandika neno moja
hadi kalamu ikaijua njia yenyewe.

Kitsao Ngonyo, saa nne, unyayo. Uzembe.
Buti yake ilikuwa na tundu, dole gumba likichungulia nje.
Jumwa Thoya, saa saba, macho. Uzembe.
Saa saba mabwawa ni kioo cheupe:
jua hukupiga kutoka juu, kisha likakurudia kutoka chini.
Miwani ipo. Moja ya meneja, moja ya wageni.
Ruwa Nyale, saa kumi, mgongo. Uzembe.
Uzito wa gunia hauna safu.

"Andika," nyapara Mwaringa husema, chai mkononi,
"ajali haina kinga."
Nami huandika.
Nina watoto watatu, na kiti chenye kivuli.

Jumanne ile waliniletea leso kabla ya jina.
Ya Mbodze, ile ya zambarau,
imesokotwa kama kamba ya kisima,
maandishi yake yamekatika:
MVUMILIVU HULA
na mbivu yenyewe imeliwa na mkanda.

Kisha wakanitajia kiungo. Vidole viwili, mkono wa kulia.

Banda la kusagia sikuwahi kuliingia.
Daftari halikunituma huko.
Siku hiyo nikaingia.
Mashine imezimwa, bado ina joto,
mkanda umelegea kama ulimi wa ng'ombe aliyechinjwa,
na ubavuni mwake matundu manne ya skrubu,
skrubu moja, imeshika kutu.
"Hapa palikuwa na nini?"
Fundi Famau akavitazama viatu vyake.
"Bati la kuzuia nguo. Tulilitoa Machi, mkanda ulipokwama.
Nikaambiwa nisilirudishe. Linachelewesha magunia."

Machi.
Nasi tulikuwa Septemba, tena mwishoni.

Nilipoketi, chai ilikuwa imeshafika.
"Andika. Ajali haina..."
"Mashine ndiyo haina kinga," nikasema,
na sauti ikanitoka nyembamba kuliko ile safu.

Nikaandika.
Maneno hayakutosha, yakamwagika pembeni,
yakapanda ukingo wa ukurasa, yakakata kona kama siafu:
bati lilitolewa Machi, skrubu tatu hazipo,
fundi alisema, fundi hakusikizwa,
leso haina kosa.
"Futa hiyo."
"Ni wino, bwana."

Sitasema kulikucha kukawa kupya.
Bati limerudi, limepakwa rangi ya njano,
mbichi bado siku aliyokuja mkaguzi,
ikamshika suruali, akaondoka na ushahidi wake pajani.
Buti zimeletwa, zote namba tisa;
Jumwa huvaa zake na matambara ndani,
akitembea kwenye matope kama bata.
Mbodze hufunga pakiti kwa mkono wa kushoto.
Haongei nami sana. Sijui kama ni hasira
au ni ile kazi ya kuhesabu upya
kila kitu alichokihesabu kwa vidole.
Kiti changu kimehamishwa, sasa kiko juani.

Huko juani herufi huonekana vizuri.
Zamu ikiisha narudi kurasa za nyuma,
kwa kalamu ya risasi, iliyochongwa ikawa ncha ya sindano,
kwa Kitsao, kwa Jumwa, kwa Ruwa na mgongo wake,
na kila nilipoandika Uzembe
naongeza maneno mawili, madogo,
yanayoenea katika safu ile:

wa nani?