Rangi Mbichi

Nalipwa kwa herufi.
Shilingi thelathini kubwa, kumi na tano ndogo,
nukta sidai, koma natoa sadaka.
Ndiyo maana Mwalimu Kadzo aliponiita Mishomoroni
nije na ngazi na brashi zangu nne,
nilihesabu kabla sijamwamkia.

Ukuta wa lango ulikuwa umeshapakwa chokaa.
"Shule imetambuliwa, Fundi Shee," akasema,
"kwa kuwa mtoto akitoka hapa
anasoma barua ya Kiswahili na barua ya Kiingereza
na anazijibu zote mbili.
Andika kubwa. Hata msukuma mkokoteni alione."

Nikaitazama karatasi ya idara.
Mhuri mmoja, sahihi tatu,
Kiingereza kitupu juu hadi chini.

Sasa nisikilize. Miaka ishirini na mitatu
nimeuandika mji huu:
maduka ya dawa ya Majengo, vinyozi wa Kongowea,
mlango wa wakili mmoja pale Makadara,
na Kiingereza chote hicho nilikinakili
kama mtu anayechora uso wa asiyemjua:
pua hapa, jicho hapa, usimkosee sikio.
Kiswahili nasoma. Kile kingine nakipiga picha tu.
Darasa la tatu walinivisha kibao shingoni,
kamba ya katani,
kwa sababu niliomba maji kwa Kibajuni cha mamangu.
Nilikiacha kibao juu ya dawati, na shule nikaiacha hapo hapo.
Mwalimu yule ameshakufa, Mungu amrehemu.
Shingo bado inawasha.

Nikapanda ngazi.
Chini wakakusanyika wa darasa la nne,
wametumwa maji, wamesahau ndoo.
"Fundi," akaita mmoja, Nyevu, soksi moja imemshuka,
"mbona umeandika kwa lugha moja
kwamba tumetuzwa kwa lugha mbili?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikashuka.
Mwalimu Kadzo akatoka ofisini na kikombe,
akasoma ukuta, akausoma tena,
chai ikapoa mkononi.

Kutafsiri kukawa vita.
Tsuma akaja na "umilisi", neno limevaa kanzu na koti juu yake.
Mwingine akasimamia "ujuzi wa kusoma na kuandika":
herufi ishirini na tatu!
Nikamwombea dua ashinde.
Nyevu akasema, "Kisomo."
Sita.
Wote wakanyamaza, kama mfuniko uliopata chungu chake.
Nami niliyekula hasara nikajikuta natabasamu,
na mstari ule wa chini sikuutoza hata senti.

Nilipomaliza, Nyevu akausoma wa juu,
akateremkia wa pili bila kukata pumzi,
kama mtu anayetoka ukumbini kwenda jikoni
nyumbani kwao, umeme umekatika,
wala hajikwai.

Afisa wa idara alitarajiwa saa nane,
na vidole vya darasa la kwanza vilishaanza kuunyemelea ukuta.
Nikatafuta boksi tupu la chaki, nikalipasua,
nikaandika: RANGI MBICHI.

Nikasita. Brashi ikadondosha tone juu ya kiatu.
"Nyevu, na kwa kile kingine husemwaje?"

Akanitajia herufi moja moja, polepole,
akingoja mkono wangu umalize kila mkunjo.
Hakunicheka.
Zilikuwa nane. Zimepinda kidogo kulia,
ya mwisho imebanwa pembeni kwa kukosa nafasi.

Hizo sikuzinakili popote.