Kitambaa cha Maua ya Njano

Asubuhi ya theluji ya kwanza nilikuta kabureta
juu ya ubao wangu wa kukatia mkate,
imelala kichalichali, tumbo wazi,
na binti yangu Tyra anaichokonoa kwa waya
kama anayemtoa mtoto kibanzi jichoni.
"Usiguse," akasema.
Mimi! Jikoni kwangu!

Majira yote ya joto pikipiki ile ilibweka
kwenye shimo la changarawe nyuma ya kiwanda cha mbao:
injini ya mipigo miwili, haina subira, haina haya,
kila mzunguko moto, hakuna wa kupumzika,
moshi wa buluu hadi kwenye nguo za jirani.
Nikajiambia, theluji itaifunga mdomo.
Hapa Sorsele hata mto hufungwa mdomo.

Tyra alikuwa na lake.
Gurudumu la mbele akalifungua, akaliegemeza ukutani;
mahali pake akatia ski moja, pana kama mlango wa kabati.
Nyuma, mkanda wa mpira wenye meno,
kaung'oa kwenye gari la theluji la marehemu Öberg
lililooza bandani miaka tisa, kuku wakitaga ndani yake.
Mjane alitaka krona mia nane
na sinia la maandazi ya mdalasini.
Maandazi nilioka mimi. Sikuulizwa.

"Hewa ya baridi ni nzito, Mama. Imeshindiliwa.
Ikiingia nyingi, petroli ikiwa haba,
injini inajiunguza kwa ndani, pistoni inang'ang'ania ukuta."
Akanionyesha jeti mpya, kijishaba kama punje ya mtama,
tundu lake siwezi kuliona bila miwani.
Nawapikia watoto mia na arobaini pale shuleni;
najua unga wa Januari haunywi maji
kama unga wa Juni.
Sikusema kitu. Nikampa kikombe changu cha kupimia:
oili kimoja, petroli thelathini na mbili.
Hesabu ninayoielewa.

Digrii ishirini na nne chini ya sifuri.
Akapiga kiki. Akapiga tena. Ya tisa ikakohoa,
ikashika, ikaruka, ikamchukua hadi kwenye lango,
ikazima.
Jioni ya pili, lango.
Jioni ya tatu, hatua sita kupita lango,
akarudi akiisukuma, kilo mia na zaidi,
nywele zimeganda, matusi ya baba yake
yakimtoka moja moja.
Akaketi juu ya ndoo, glavu katikati ya meno.

Wanasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.
Sikuchelewa; nilikuwa humu humu ndani,
na bado nilimwangalia kama mgeni,
kucha nyeusi, mkono wa mtu mzima.
Nikavua glavu yangu, nikashika rejeta.
Baridi kama maziwa ya pishini.
"Huyu hana homa," nikasema. "Huyu hana blanketi."

Nikaenda mezani, nikatoa kitambaa cha plastiki
chenye maua ya njano, zawadi ya mama mkwe,
nikapitisha mkasi katikati.
"Nusu tu, Mama. Ukiifunika yote itachemka."
Nikakunja. Yeye akakaza waya kwa koleo.

Ikapita lango.
Ikapita nyumba ya Öberg, ikashuka ukingoni,
ikashika mto mgumu, ikipiga kelele
kama msumeno wenye furaha,
na taa ikawa kama kipele, kisha nikawa nabahatisha tu.
Nilisimama hadi vidole vya miguu vikanisahau.

Alirudi baada ya saa nzima, theluji ndani ya kola,
ski imepinda, mdomo umechanika kidogo.
"Inavuta kushoto," akasema,
akapita moja kwa moja kutafuta spana.

Kwenye rejeta maua yalikuwa yanatoa mvuke.
Kikombe nimekiosha mara nne,
bado kinanuka.
Sijakirudisha kabatini.