Ukuta wa Walukuba

Nilipohamia namba kumi na saba, Walukuba,
niliambiwa choo ni cha nyumba nne,
maji ni ya asubuhi tu.
Hawakuniambia kuhusu Ocitti.

Saa tano usiku, nami nina zamu ya alfajiri kiwandani,
yeye ndiyo kwanza anakaza nyuzi za adungu.
Uzi mmoja ni waya wa breki ya baiskeli;
unalia kama mbuzi aliyesahauliwa nje.

Nikagonga ukuta. Ko! Ko-ko!
Maana yangu: nyamaza, bwana, watu wamelala.
Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza upya,
akiacha pengo
palepale pa ngumi yangu.

Nikagonga kwa hasira. Akaongeza kasi.
Chumba cha tatu Nabirye akacheka,
akaingia na mwiko na sufuria;
mtoto wa Adroa akazinduka na jerikeni tupu.
Hivyo ndivyo nilivyowajua majirani zangu,
gizani, kwa mlio, kabla ya sura.

Nilichelewa zamu. Mashine zilinguruma
kama miaka yote, ila siku hiyo nikasikia
pigo la tano, ambalo hakuna anayelicheza.
Nililibeba hadi nyumbani, mdomoni, kama sarafu.

Juzi Ocitti kaenda Gulu kuzika.
Mtaa umelala mapema, kama nilivyotaka.
Nimegonga ukuta: ko, ko-ko.
Kimya.
Halafu ukuta wa pili, ule wa mgongoni,
ambao sijawahi kuujali,
mtu kagonga.