Mstari wa Zeituni

Kazi yangu ilikuwa kujaza mistari.
Mahindi juu kabisa, kisha ndizi,
maharage, mbaazi, mtama, ulezi,
na chini, chini hata ya pilipili manga:
zeituni, kilo kwa mtu kwa mwaka.

Dirisha letu lilitazama mnara wa saa.
Bwana Elirehema Nnko, mkuu wa kitengo,
alipita nyuma ya viti akinusa wino.
"Andika sifuri, binti, usiache wazi.
Pengo ni uzembe. Sifuri ni habari."

Basi nikaandika habari.
Mwaka wa foleni ya sukari, sifuri.
Mwaka tuliofulia majani ya mpapai, sifuri.
Mahindi yenyewe yalishuka hadi mkono ukasita,
ila zeituni hazikushuka hata chembe:
aliye uchi havuliwi nguo.

Kisha mipaka ikalegea,
na dukani kwa Menezi nikaiona kwa macho,
chupa moja, rafu ya juu, karibu na dari,
kijani kama jicho la paka aliyeshiba.
Nikauliza bei.
Menezi akacheka, akaniuzia kiberiti.

Mwaka ule niliandika nukta sifuri sifuri moja.
Nilichonga penseli kwanza.

Wakaja wageni na buti zao, wakaja wapishi,
piza ikapata mtaa wake kule Njiro,
makopo yakashuka kwenye malori ya Namanga,
na tarakimu yangu ikapanda taratibu
kama mtoto anayepimwa ukutani kwa mkaa.
Mwaka wa barakoa ikaanguka kifudifudi.
Ikainuka tena, ikajipangusa.
Kompyuta ikaichora: mgongo wa panzi.
Bwana Nnko hakuuona, alikwisha kustaafu,
anafuga nyuki, hahesabu mizinga.

Wastani hauna haya, nawaambia.
Unachukua makopo yote ya hotelini,
unayagawa kwa kila kichwa nchini,
waliokula na waliosafisha sahani,
na mama yangu kule Poli, bila kunawa mikono,
akawa amekula zeituni mbili na robo.
Nilimpigia simu kumpongeza.
"Zeituni? Zile za njiwa wa Nuhu?"
"Ndizo, mama."
"Basi huyo njiwa amepotea njia.
Huku hajatua."

Sasa sikilizeni aibu yangu.
Naishi Oloirien. Nimelipa kodi ya nyumba Oloirien,
nimezaa Oloirien, nimeandika Oloirien
kwenye kila fomu ya serikali.
Jirani yangu Koko Nalepo hufukiza vibuyu alfajiri:
kijinga chekundu ndani ya shingo ya kibuyu,
kutikisa, kumwaga majivu, kisha maziwa.
Nilikuwa nikinunua lita moja kila siku.
Jana tu, baada ya miaka thelathini na moja,
nikauliza, "Koko, huu ni mti gani?"
Akanitazama kama mtu aliyesahau jina lake.
"Oloirien. Si ndiko unakolala?"

Na mwanangu, anayesomea misitu,
akasema bila kuinua macho kwenye chai,
"Mzeituni mwitu, mama. Ndugu wa ule wa chupani.
Tunda lake dogo, hula ndege."

Miaka thelathini na moja ya sifuri na nukta,
nami jioni narudi mtaa wa mizeituni,
nakunywa moshi wake, nafuta mdomo,
kesho nakwenda kuandika kwamba haupo.

Nimekwenda kwa Koko na kalamu.
Moshi hauna kilo, nikamwambia, lakini tujaribu.
Akanionyesha kijiti alichonunua Kilombero.
Zamani, alisema, tulivunja nyuma ya zizi, bure.
Kisha tukafuata korongoni.
Kisha shilingi mia mbili, kipande cha mkono mzima.
Sasa elfu mbili.
Akakiweka juu ya kiganja changu.

Hakikufika mwisho wa kidole cha kati.
Nimegeuza kalenda, nimepiga mstari kwa rula,
nimeandika urefu wake.