Moja, Kando ya Jina la Endel

Saa kumi na moja alfajiri, Tartu, mwezi wa Januari.
Jua litachomoza saa tatu, likipenda.
Nabandika birika, nafungua kompyuta,
na milisho yangu imekwisha kujipanga kwa alfabeti
upande wa kushoto, kila jina na namba yake:
mwanamke wa Riga ashonaye vitabu, tatu;
idara ya hali ya hewa, tisa;
kijana wa Võru anayerekodi ndege wa usiku, moja;
bunge, arobaini na sita (naliruka).

Mchungaji huwapeleka kondoo malishoni.
Mimi malisho huja yenyewe hadi mezani,
majani na miiba pamoja, na kuchambua ni juu yangu.

Binti yangu Leelo hanielewi.
Simu yake humjua. Akisita sekunde mbili juu ya picha ya paka,
kesho ataletewa paka kumi.
"Mama, ya nini kujisumbua? Iache mashine ikuchagulie."
Nimesahihisha prufu miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda cha chapa kilichonuka wino na kabichi.
Sijazoea kutafuniwa.
Nataka kujua nani alisema, na alisema lini,
na alipokosea, nataka kosa liwe lake.

Sisemi kwamba nina hekima.
Mwaka juzi nililazwa siku kumi na mbili kwa nyonga;
niliporudi, namba ilikuwa elfu moja mia nane na kumi.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila hakuna aliyetuambia kikifurika tumwagie wapi.
Nilikaa na koti mwilini, viatu vikidondosha theluji,
nikisoma habari za wiki iliyopita kama mtu anayelipa deni
kwa watu ambao hawakumkopesha.
Halafu nikabofya: zote zimesomwa.
Uongo mdogo. Nililala vizuri.

Lakini Endel sikumfuta.

Endel Raudkivi, sikuwahi kumwona uso.
Miaka kumi na mmoja aliandika kila asubuhi mstari mmoja
kuhusu mto Emajõgi, kutoka daraja la waendao kwa miguu:
"Barafu sentimita ishirini na mbili. Upepo wa kaskazini. Bata wawili."
"Barafu imeanza kulia. Bata hakuna."
"Leo sikupima, mguu. Bata niliwaona kupitia dirishani."
Hakuomba maoni. Hakuniuzia kitu.
Kisha Machi moja, tarehe tisa, mstari ukawa wa mwisho
na wenyewe haukujua kuwa ni wa mwisho:
"Maji yanaonekana katikati."

Miaka mitatu jina lake limekaa bila namba
kati ya Eha wa mapishi na Erki wa saa mbovu,
kama kiti ambacho nyumbani hakikaliwi na mtu
wala hakitolewi.

Leo, kando yake: moja.

Mkono ulinitetemeka, chai ikamwagikia kibodi.
Nikafungua.
Viatu vya kukimbilia. Nusu bei. Leo tu.
Anwani yake ilikwisha muda, mtu fulani akainunua
kama anunuavyo mtu kiwanja chenye kaburi asiloonyeshwa.

Nilisoma lote, hadi namba za saizi.
Nikakuta makosa mawili ya tahajia,
nikayanakili kwa penseli kwenye bahasha ya bili ya umeme,
sijui kwa ajili ya nani.
Leelo angesema: futa.
Sikufuta. Bado.

Saa tatu na nusu, kulipokucha, nilitoka kununua maziwa,
nikapitia darajani, njia ndefu.
Barafu ilikuwapo. Sikuwa na cha kupimia.
Bata niliwahesabu: watano,
halafu mmoja akapiga mbizi, nikaanza upya.