Yanazoleka

Jumanne usiku, ukumbi wa zimamoto, viti vya plastiki.
Noriko Lindqvist amebandika ramani ukutani
na pembe moja inajikunja, anaikunjua, inajikunja tena.
Hapa, anasema, ndipo mvua yetu inapoangukia.
Kidole kinashuka: paa la duka la magodoro,
maegesho ya ekari tisa yasiyo na hata jani,
barabara kuu, karavati, kisha Kijito cha Harlow
ambacho wengi wetu tulidhani ni mtaro.

Bwana Petrosky, mikono kifuani:
Kwa nini nilipie mvua? Mvua ni ya Mungu.
Mvua ni ya Mungu, anamjibu,
paa ni lako.
Ukumbi unacheka. Yeye hacheki.

Novemba iliyopita nilikuwa naye chini ya daraja,
buti za mpira hadi mapajani.
Wiki tano za ukavu, kisha mvua ikaiosha lami.
Maji yalikuja rangi ya chai ya jana,
na vumbi la matairi, na mafuta, na mavi ya mbwa,
na kiatu cha mtoto kikielea kama hakina habari.
Samoni alikuwa amepanda kutoka baharini, tumbo limemjaa,
zimebaki hatua kumi afike kwenye kokoto zake.
Akazunguka. Akazunguka.
Akaachama juu ya maji kama mtu aliyesahau neno.
Noriko akampasua, akahesabu:
mayai yote yamo. Akaandika.
Penseli ikatoboa karatasi.

Basi usimwambie mwanamke huyu habari ya maji yakimwagika.
Kazi yake ni kuyazoa:
bustani ya mchanga na mboji kando ya maegesho,
lami yenye matundu, pipa chini ya kila mlizamu,
miaka kumi na miwili, awamu tatu,
bajeti yenye matundu kuliko hiyo lami.
Kuyauliza maji: mna haraka ya nini?
Kaeni kwanza. Zameni.

Saa tatu na nusu, mikono inahesabiwa:
kumi na tisa kwa kumi na saba.
Petrosky hakunyosha wake upande wowote.

Nje imeanza. Namwona chini ya taa,
anatazama maji yanayotoka uvunguni mwa gari lake,
yamebeba rangi saba za mafuta kuelekea wavu wa mtaro.
Anaweka kiatu mbele yake,
kama mtu anayezuia mlango.
Maji yanamzunguka.
Anaweka na kile cha pili.