Damu ya Mzee

Umeme ulikatika saa nne na robo.
Drai ikakohoa mara moja, ikanyamaza,
na Bi Siwatu, kichwa kimeoshwa, kinanitonea miguuni,
akasema, "Haya. Leo tutachagua gizani kama wezi."

Nikamwambia, heri.
Taa ya saluni ina unafiki,
humsifia kila anayekaa chini yake.
Nikabeba stuli, nikabeba na bahasha ya vipande,
nywele fupifupi nilizozifunga uzi,
masazo ya vichwa vya miaka kumi na mmoja,
tukatoka barazani, Magomeni Mikumi,
mbele ya jua lisilojua kumsitiri mtu.

Kwanza nikamshika mkono.
Wateja hucheka: "Nimefuata nywele, sikufuata ramli."
Lakini mimi huanzia hapo, kwenye vifundo vya vidole,
mahali mkorogo hushindwa
na ngozi husema ukweli wake.
Kuna weusi wenye buluu ndani, kama biringanya iliyooshwa.
Kuna maji ya kunde, na kunde zenyewe hazifanani,
waulize wanaozichambua.
Wa Bi Siwatu ulikuwa na moto.
Moto wa chini, uliofukiwa jivu usiku
ili asubuhi mtu asitafute kiberiti.

Nikamwekea shavuni kipande cha asali:
akawa kama mtu aliyeazima kichwa.
Nikamwekea dhahabu, ile wanayoililia mabinti wa chuo,
na muuza chapati wa ng'ambo akapaza sauti,
"Hapana! Hiyo itamtangulia njiani!"
Kijivu nilipokitoa tu, mwenyewe akakirudisha.
"Hicho ninacho. Nilipewa bure."

Wifi yake, Mwantumu, aliyemsindikiza,
alikuwa na pakiti ya kanta mkobani tangu asubuhi.
"Nyeusi ina heshima," akasema. "Watu wataona nini?"
"Wataona," akasema Bi Siwatu,
akaishia hapo.

Nikauliza ninavyomuuliza kila mtu:
shughuli lini?
Hakuna shughuli, akasema.
"Jana nimetoka eda."

Miezi minne na siku kumi
bila wanja, bila hina, bila hata sabuni ya kunukia.
Mvi zilikuwa zimemtoka upande mmoja, wa kushoto,
upande, akasema, aliozoea kumgeuzia.
Mwantumu akatazama barabara. Alikuwa kaka yake.
Mimi sijui kusema pole ikasikika;
mikono yangu ndiyo inayojua.
Ikaingia kwenye bahasha, chini kabisa,
ikatoka na kipande nilichokwisha kukisahau,
si chekundu, si kahawia,
rangi ya zambarau lililoiva likapitiliza siku.

Nikakiweka chini ya sikio.
Ule moto ukapanda.
Ukapanda shingoni, ukafika kwenye mashavu, macho yakaamka,
na muuza chapati hakusema kitu,
aliacha moja ikaungua.

Bi Siwatu akajitazama kwenye kioo changu chenye ufa.
"Aliniletea kanga ya rangi hii, mwaka ule wa kwanza.
Sikuivaa. Nilimwambia ni damu ya mzee,
na mimi mzee siyo."
Akacheka kidogo, kupitia puani.
"Paka."

Nikamwonya. Rangi hii haifichi mvi.
Nyeusi zitaipokea kwa unyenyekevu, utaiona juani tu,
lakini huo upande wa kushoto utaishika kwa ukali,
utawaka mpaka ng'ambo ya barabara.

"Uwake," akasema.

Nikakoroga kwenye kopo la mtindi, hapohapo nje,
gazeti mabegani mwake, taulo juu ya gazeti.
Saa sita kasoro umeme ukarudi,
redio ikaropoka ndani peke yake,
hakuna aliyeinuka.
Mwantumu alikuwa amekunja mkono wa baibui,
kidogo tu,
anavigeuzageuza juani vifundo vya vidole vyake.